Kurusha intaneti Mwanza kwa masafa yasiyo na leseni: mwongozo kamili, kuanzia sheria mpaka juu ya bati

Mtu ana duka Kirumba na stoo iko Igoma, mwingine ana gesti Capri Point na nyingine ng'ambo ya maji kule Kamanga, intaneti kafunga sehemu moja tu na anataka ifike ya pili bila kulipia mara mbili kila mwezi. Anaita fundi, fundi anapanda na dishi mbili, anawasha, zinasomana, anashuka analipwa. Baada ya muda ikifika saa moja jioni intaneti inakufa, fundi anarudi anaongeza nguvu, jirani nae ya kwake inakufa nae anaongeza, mwisho wa siku mtaa mzima mnapigiana kelele hewani na hamna anayemsikia mwenzie. Humu nataka tufanye hiyo kazi kwa namna inayodumu, na kwa namna ambayo mtu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, akikukuta juu ya bati huna sababu ya kushuka mbio. Msimamo wangu ni huu, na hesabu zake zipo huko chini: nguvu ndogo, dishi lenye macho makali, chaneli nyembamba.

Sheria kwanza

Masafa ya redio hapa kwetu yanasimamiwa na TCRA kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ile mafundi tunaiita EPOCA. Kimsingi kurusha mawimbi kunataka leseni. Wifi na ndugu zake wanasamehewa leseni ya masafa kwa masharti: uwe ndani ya bendi iliyotengwa, usizidi nguvu iliyowekwa, na kifaa kiwe kimeidhinishwa. Ukivuka sharti moja msamaha umeisha, unahesabika kama mtu anayerusha bila leseni hata kama ruta umeinunua dukani kihalali na risiti unayo.

Kuna sharti lingine ambalo wengi hawalijui: hulindwi. Mwenye leseni, mfano rada, ukimwingilia unatakiwa uache. Yeye au jirani mwenye wifi akikuingilia wewe, huna pa kudai. Ni kama mwalo, kila mtu anaruhusiwa kuingiza mtumbwi wake ila hakuna mwenye nafasi yake, na meli ikija unapisha.

Hizi bendi hazikuzaliwa kwa ajili yetu. Mwaka 1947 kwenye mkutano wa kimataifa wa mawasiliano kule Atlantic City, Marekani, zilitengwa sehemu za masafa kwa mashine za viwandani, za sayansi na za tiba, vitu vinavyochemsha na kukausha na sio kuwasiliana, ndo maana mpaka leo maikrowevu ya jikoni inapiga kwenye 2.4 GHz ileile ya wifi yako. Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu mawasiliano ya nguvu ndogo kwenye masafa hayo yaliyoonekana takataka na hapo ndo mlango wa wifi ulipofunguka. Bendi ya 5 GHz ilikubaliwa kimataifa mwaka 2003, kwa sharti kwamba wifi ipishe rada.

Sasa tenganisha vitu viwili hapa maana watu wanaingia matatizoni kwa kuvichanganya. Kuunganisha duka lako na stoo yako ni jambo moja. Kuwauzia majirani intaneti kwa mwezi ni biashara ya mawasiliano, inataka leseni ya kutoa huduma, na huo msamaha wa masafa haukusaidii chochote. Mtu anaweza kuwa safi kabisa kwenye nguvu na chaneli, bado akakamatika kwa kuuza.

TCRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kabla hujanunua kitu nenda kaulize jedwali la sasa la vifaa vya nguvu ndogo na kama modeli unayoitaka imeidhinishwa. Ukienda na karatasi yenye hesabu zako mkononi wanakusikiliza vizuri kuliko ukienda na maneno.

Bendi ipi kwa kazi ipi

Dunia imegawanywa kanda tatu za masafa, sisi na Afrika nzima na Ulaya tuko Kanda ya 1, Marekani wako Kanda ya 2. Hii sio habari ya darasani tu. Video nyingi za mafunzo zinatengenezwa na Wamarekani, na kwao kwenye 5.8 GHz linki ya nukta mbili inaruhusiwa dishi kubwa kiasi chochote, wakati kwa viwango vya Ulaya hiyohiyo 5.8 kwa kifaa cha kawaida kisicho na leseni mwisho ni miliwati 25. Unaona tofauti ilivyo. Kwa kupiga hesabu mimi natumia viwango vya Ulaya maana vifaa vingi vya Kanda 1 vinatengenezwa kwa kuvifuata na ni vikali kuliko vya Marekani, ila mwamuzi wa mwisho hapa ni jedwali la TCRA.

2.4 GHz mwisho ni miliwati 100, yaani 20 dBm, nguvu hiyohiyo ikiandikwa kwa desibeli. Iache iwe ya ndani, ya simu za wateja. Ina chaneli tatu tu zisizolaliana, 1, 6 na 11, na ukiskani ukiwa Makoroboi au Mlango Mmoja utakuta zote zimejaa mpaka pomoni.

5 GHz ndo ya kazi, ila sio yote. Chaneli 36 mpaka 64 kwa viwango vya Ulaya ni za ndani ya majengo. Chaneli 100 mpaka 140, yaani 5470 hadi 5725 MHz, ni za ndani na nje, na zinaruhusu wati 1, sawa na 30 dBm. Linki ya juu ya paa iweke hapa.

6 GHz, hizi ruta mpya zinazoandikwa 6E, usikimbilie. Marekani walifungua bendi yote mwaka 2020, Ulaya mwaka uliofuata wakafungua kipande cha chini tu, maana kuna linki za minara na satelaiti humo. 60 GHz inabeba data nyingi mno ila oksijeni yenyewe inakula kama desibeli 15 kila kilomita, ukiweka na mvua ya Mwanza hapo inafaa jengo kwa jengo tu.

Onyo moja kwa wanaofunga vipima maji, vya mabwawa ya samaki na vitu kama hivyo kwa LoRa, redio ndogo za kutuma vipimo mbali kwa umeme kidogo: nunua cha 868 MHz, usinunue cha 915. Bendi ya 902 hadi 928 ni ya Kanda ya 2. Huku kwetu simu za GSM zinapandisha mawimbi kwenda mnarani kwa 880 hadi 915 MHz na mnara unajibu kuanzia 925, kwa hiyo kidude chako cha bei rahisi kilichotoka mtandaoni kinapiga kelele kwenye sikio la mnara wa kampuni ya simu iliyolipia hayo masafa. Hao lazima watalalamika, na watakupata.

Kagua njia kabla ya kununua

Simama pale antena itakapokaa, sio chini ya nyumba, na uone upande wa pili kwa macho au darubini. Kuona hakutoshi. Mawimbi hayapiti kwenye uzi, yanajaza eneo lililopanuka katikati na kuchongoka mwishoni, linaitwa eneo la Fresnel. Kwa kilomita 5 na masafa ya 5500 MHz, pale katikati lina nusu-kipenyo cha kama mita 8.3, na unatakiwa uache wazi angalau asilimia 60 yake, kama mita 5. Maana yake mwembe uliopo katikati ya njia mita 2 chini ya mstari wa macho unakusumbua, hata kama unaona upande wa pili vizuri kabisa. Na mwembe unaota, kumbuka hilo.

Mwanza ina bahati ya vilima na mawe, kupata urefu sio shida. Shida inakuja ukivuka maji.

Ziwa linarudisha mawimbi ya redio. Dishi la upande wa pili linapokea mara mbili, ya moja kwa moja na iliyogonga maji, na zikifika kwa kupishana vibaya zinauana. Asubuhi ziwa likiwa limetulia tuli ndo mbaya zaidi, mchana likiwa na mawimbi linatawanya na linki inapona, kwa hiyo unakuta mtu anasema intaneti yake "inaamka saa nne". Wengi wanadhani ni kampuni ya intaneti. Dawa yake sio kupandisha pande zote mbili juu kabisa, ingawa ndicho kila mtu anachofanya. Weka upande mmoja juu na mwingine chini, maana pale mawimbi yanapogonga panasogea kuelekea upande ulio chini. Tuseme kilimani uko mita 60 juu ya usawa wa ziwa, ng'ambo uko mita 10, umbali kilomita 5. Gawa umbali kwa uwiano huo: 10 juu ya 70 mara 5, unapata kama mita 700 kutoka upande wa chini. Sasa kama hilo dishi la chini umelirudisha nyuma mita 800 kutoka ufukweni, mawimbi yanagonga nchi kavu kwenye vichaka na migomba ambako yanatawanyika, badala ya kwenye maji. Hakikisha tu zile mita 5 za uwazi bado unazo, maana ukilishusha dishi mno vichaka vyenyewe ndo vinakuwa ukuta. Kama huwezi kurudi nyuma, jaribu kushusha au kupandisha dishi moja mita moja moja huku ukiandika namba asubuhi, mchana na jioni. Na usiamini kipimo cha mara moja, linki ya maji iangalie siku nzima.

Ziwa pia linapanda. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia majumbani kandokando, kwa hiyo nguzo ya ufukweni isimamishe mbali kuliko unavyoona inafaa leo.

Hesabu ya nguvu

Kinachohesabiwa kisheria sio nguvu ya redio peke yake, ni nguvu ya redio pamoja na dishi, inaitwa EIRP. Redio ya 25 dBm ukiifunga dishi la 23 dBi (dBi ni kipimo cha dishi linavyokusanya nguvu upande mmoja) unarusha 48 dBm, wakati mwisho ni 30. Umezidisha mara sitini na zaidi. Fundi anakwambia "nimeweka full", ndo hiyo.

Fanya hivi: chukua 30, toa ukubwa wa dishi. Dishi la 23 dBi linakuachia redio 7 dBm. Inaonekana kidogo mno, watu wanacheka, ila subiri.

Upotevu hewani ni 32.44 jumlisha 20 mara logi ya umbali kwa kilomita jumlisha 20 mara logi ya masafa kwa MHz. Kwa kilomita 5 na 5500 MHz ni 32.4 + 14 + 74.8, kama desibeli 121. Sasa 30 toa 121 jumlisha 23 za dishi la upande wa pili, unapokea -68 dBm (namba ikikaribia sifuri ndo nguvu zaidi). Hewa ikiwa safi hiyo kwenye chaneli ya 20 MHz inakupa bila wasiwasi megabiti 50 na kuendelea. Dukani na stoo utazitumia kwa kamera, mashine ya risiti na simu zote na zitabaki. Umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6, basi.

Ona sasa dishi kubwa linavyokusaidia. Nguvu ya kurusha imefungwa kisheria, kubadili dishi hakuongezi hata kidogo, ila upande wa kupokea hakuna kikomo: dishi la 30 dBi linasikia desibeli 7 zaidi na linapuuza kelele za pembeni. Wewe unamsikia mwenzio, wa pembeni humsikii, na wao hawakusikii. Kuongeza nguvu hakukupi hata kimoja kati ya hivyo vya pembeni.

Kuseti redio

Cha kwanza kabisa, nchi. Weka Tanzania. Kuna mchezo wa kuweka Marekani au kwenye MikroTik kuweka superchannel au kwenye Ubiquiti kuweka compliance test ili chaneli zote na nguvu zote zifunguke, na wauzaji wengine wanakuuzia tayari imefunguliwa hivyo. Ukinunua redio ya mtumba angalia hapo kwanza kabla ya kingine chochote. Halafu jaza ukubwa wa dishi kwenye sehemu yake, redio nyingi zikijua dishi na nchi zinapunguza nguvu zenyewe.

Chaneli 52 mpaka 140 ni za kupisha rada, utaona zimeandikwa DFS. Ukiwasha, redio inakaa kimya sekunde 60 ikisikiliza kama kuna rada. Kwenye 120, 124 na 128, yaani 5600 hadi 5650 MHz ambako kuna rada za hali ya hewa, inasikiliza dakika 10, kwa hiyo usipige simu kusema redio imekufa. Ikisikia rada inahama, na hiyo chaneli hairudi mpaka nusu saa ipite. Ipe redio orodha ya chaneli mbadala ili isihangaike. Mimi 120 mpaka 128 naziruka zote, hazina faida ya kunifanya nisubiri.

Ikiwa inarukaruka kila siku bila rada ya kweli, hama chaneli. Usizime DFS. Kule San Juan, Puerto Rico, mwaka 2009 wakaguzi walikuta rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege inaingiliwa na redio za watoa intaneti zilizokuwa juu ya majengo, na watu wakapigwa faini. Sisi tunaoishi na ziwa linalozua dhoruba ghafla usiku na wavuvi wako majini na taa zao, kuziba sikio la rada yoyote ni jambo la kuogopa bila hata kufika kwenye faini.

Upana wa chaneli: anza na 20. Kila ukizidisha upana mara mbili unapokea kelele desibeli 3 zaidi, na unamkanyaga jirani mwingine. 40 weka ukishapima na kuona kuna nafasi. 80 kwa nje mjini ni fujo tu.

Skani jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, pande zote mbili. Skani ya saa tano asubuhi itakudanganya. Ukimjua anayekuingilia mpigie, mara nyingi ni fundi mwenzio, mnagawana chaneli kwa simu yamekwisha. Usijaribu zile programu za kukata wifi ya mwenzio. Marekani mwaka 2014 hoteli za Marriott zilitozwa dola 600,000 kwa kukatisha hotspoti za wageni ndani ya hoteli yao wenyewe, na hapo hawakuharibu kifaa cha mtu.

Juu ya bati

Kulenga kunataka uvumilivu. Dishi lina mwale mkubwa mmoja na midogo ya pembeni, ukiligeuza haraka unanasa wa pembeni unafunga bolti unafurahi. Geuza polepole kushoto kulia mpaka uone namba inapanda, inashuka, inapanda zaidi, inashuka. Ule wa katikati wenye nguvu ndo wako. Halafu linganisha na hesabu. Ulitegemea -68 ukapata -71, sawa. Umepata -80, hujamaliza: ama uko kwenye mwale wa pembeni ama kuna kitu njiani. Usizibe hilo pengo kwa kuongeza nguvu.

Bomba la nguzo lisiache kipande cha kulala juu ya dishi. Makorongo wa Mwanza wanapenda kutua sehemu ya namna hiyo, na ndege mwenye uzito ule akitua na kuruka kila siku bolti inalegea kidogo kidogo mpaka dishi linaangalia maji. Kata bomba liishie usawa wa dishi, au lichonge ncha.

Radi hapa ni nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, usifunge bila ethi. Tatizo nyumba nyingi ziko juu ya jiwe, chuma cha ethi hakiingii hata kwa nyundo ya kilo tano. Usikikate ukakiacha nusu mita juu juu. Tafuta udongo kati ya mawe au chini ya mteremko, shusha waya mnene wa shaba mpaka huko, zika vyuma zaidi ya kimoja, na huo waya uunganishe na ethi ya umeme wa nyumba ziwe kitu kimoja, maana ethi mbili zisizojuana radi ikipiga zinatofautiana na tofauti hiyo inapita kwenye ruta yako. Kebo iwe ya nje yenye ngao, na kinga ya radi iwepo pale inapoingia ndani. Iache ining'inie chini kidogo ya tundu ndo ipande kuingia, maji yadondoke hapo.

Mwisho andika kwa makapeni ndani ya mlango wa boksi: tarehe, chaneli, upana, nguvu, na namba ulizopokea pande zote mbili asubuhi na jioni. Nakala weka nyumbani pamoja na vielelezo vya kifaa na namba za GPS za mahali kilipo, ndo karatasi utakayowaonyesha TCRA wakija. Na fundi atakayekuja baada yako atajua pa kuanzia: namba ikishuka taratibu kwa wiki kadhaa dishi limesogea au mti umeota, ikishuka ghafla pande zote mbili kuna kitu kipya kimesimama njiani, na kama namba iko palepale ila kasi imeanguka, ni kelele, apande na skana jioni na sio na spana.